Muadhini Aliyenyang'anywa Ufunguo





Ndugu Waislamu, mwezi huu tulikusudia kuandika juu ya mali za wakfu. Tumeliahirisha jambo hilo kwa sababu ya tukio lililotokea katika msikiti mmoja wa mji wetu. Jina la msikiti huo hatutalitaja, kwani haja yetu si kuwafedhehesha watu bali ni kulikemea tendo, na wenyewe wanajijua.

Yuko mzee aliyeadhini katika msikiti huo kwa zaidi ya miaka thelathini. Wengi wetu tuliamka kwa sauti yake tukiwa watoto wa chuoni, na baadhi ya baba zetu waliondoka duniani huku sauti yake ikiwa ndiyo adhana ya mwisho waliyoisikia. Miaka miwili iliyopita alianza kusahau. Kwanza yalimtoka majina, kisha njia, kisha nyakati. Usiku mmoja, yapata saa nne na nusu, alifungua mlango kwa ufunguo wake, akawasha kipaza sauti, akaadhini adhana ya Alfajiri. Watu waliolala waliamka, na waliokuwa bado wanakula chakula cha usiku walishikwa na bumbuwazi. Ilipotokea mara ya tatu kamati ikakutana. Iliamuliwa anyang'anywe ufunguo, na katika hilo hatuna ugomvi nao. Lakini hawakuishia hapo. Waliwasimamisha vijana wawili mlangoni wamzuie asiingie hata wakati wa swala, kwa hoja kwamba atawavurugia watu safu. Ijumaa iliyofuata mzee alikuja na kanzu yake iliyopigwa pasi, amejipaka uturi, akazuiwa. Alisimama nje juani mpaka imamu akatoa salamu, naye analia.

Mmoja wa wanakamati alipoulizwa akajibu hivi: "Hajui lolote yule. Kesho hatakumbuka hata kwamba alizuiwa."

Neno hili ndilo lililotufanya tushike kalamu, kwa sababu si la mtu mmoja. Ni neno linalosemwa katika nyumba zetu kila siku, mbele ya wazee wetu, nao wanasikia.

Ama kusema kwamba kesho hatakumbuka, huenda ni kweli. Lakini je, asiyekumbuka kilichomuumiza huwa hakuumia? Mwaka 2014 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, waliwachukua wagonjwa 17 wa maradhi haya ya kusahau, na watu wazima wengine 17 walio wazima wa afya, wakawaonyesha picha za sinema za kuhuzunisha, kisha nyingine za kufurahisha. Baada ya dakika chache wagonjwa walikuwa hawakumbuki ila kidogo sana katika waliyoyaona, na mmoja wao hakukumbuka kabisa kwamba ameonyeshwa kitu. Hata hivyo huzuni ilibaki nao, na furaha kadhalika. Na lililowashangaza wataalamu ni kuwa, kwa upande wa huzuni, wale waliokumbuka kidogo zaidi ndio ambao huzuni yao ilikawia zaidi. Maana yake ni nini? Mwenye kukumbuka hujua kwa nini amehuzunika, akajituliza. Asiyekumbuka hubaki na uchungu usio na sababu anayoijua. Mzee wetu alirudi nyumbani Ijumaa ile akiwa na uchungu ambao hakuweza kuueleza, na jamaa zake wakasema leo ameamka vibaya.

Hapa pana jambo linalotakiwa kufahamika vyema, kwa sababu ujinga wake ndio unaozaa dhulma. Maradhi haya, ambayo madaktari huyaita demensia na wazee wetu wa pwani husema fulani amepiswa, si mzigo mmoja unaoanguka wote kwa siku moja. Ubongo una sehemu nyingi, na kila sehemu ina kazi yake. Katika aina iliyo nyingi kuliko zote, sehemu inayohifadhi habari mpya ndiyo hushikwa mapema. Kwa hiyo mgonjwa husahau alichokula asubuhi, akakumbuka nauli ya jahazi ya zama za ujana wake. Mazoea ya mikono na ya ulimi, yaani yale ambayo mtu ameyafanya mara elfu kwa elfu, hukaa mahali pengine na hudumu zaidi. Na mapenzi, hofu, aibu na furaha navyo vina makao yake. Mtu hupotewa na jina la mwanawe kabla ya kupotewa na kumpenda.

Tizameni basi wazee wenu. Bibi asiyejua leo ni siku gani, mpe miyaa mkononi, utaona vidole vinavyosuka ukili bila ya kukosea pindi. Mzee asiyeweza kukamilisha sentensi, mwanzishie Sura aliyohifadhi utotoni, utamsikia akiimaliza. Na muadhini asiyejua saa, bado anajua adhana yote na mahali pa kuvuta sauti. Hiyo ndiyo lugha iliyombakia. Mtu aliyeitumikia adhana miaka thelathini, maneno mengine yote yakimkimbia, ataieleza imani yake, shukurani yake, na mapenzi yake kwenu ninyi mnaomfungia mlango, kwa kitu gani kingine?

Mwandishi wa makala haya hana haki ya kuwasema wengine kabla ya kujisema mwenyewe. Mama yangu mzazi, Allah amrehemu, aliishi na maradhi haya kwa miaka sita. Kila jioni, jua likielekea kuzama, alikuwa akisimama karibu na dirisha akiuliza, "Baba yenu mbona hajarudi?" Nami, kwa kujiona mkweli na mwenye elimu, nilikuwa nikimjibu, "Mama, baba alikufa." Basi alikuwa akikaa chini akilia kilio cha mjane wa siku ile ile. Mara nyingine aliniuliza kwa hofu, "Na eda, mwanangu? Nimekaa eda?" Kesho yake jioni alisahau, akauliza tena, nami nikamjibu tena. Kwa muda wa miezi minne hivi nilimfisha baba yangu kila jioni mbele ya mkewe. Nilidhani ninamsahihisha.

Dada yangu, ambaye hakusoma kama nilivyosoma mimi, ndiye aliyenizindua. Siku moja mama alipouliza, dada alikaa karibu naye, akamshika mkono, akamwambia, "Unamkumbuka baba, mama. Alikuwa akirudi na nini jioni?" Mama akacheka. Akaanza kueleza habari za samaki aina ya changu waliofungwa kwa ukindu, na jinsi baba alivyokuwa akibisha hodi katika nyumba yake mwenyewe ili amtanie. Yalikuwa mambo ambayo sisi watoto hatukupata kuyasikia. Alieleza mpaka adhana ya Magharibi, na jioni ile hakulia.

Wako mashekhe wetu, tunaowaheshimu, waliosema kwamba kutomwambia mgonjwa ukweli ni uwongo, na uwongo ni haramu. Tunawauliza kwa adabu: ni uwongo upi aliousema dada yangu? Hakusema kwamba baba yu hai wala hakusema atarudi. Mama hakuwa akiuliza habari za kifo, alikuwa akisema kwamba anampenda mumewe na amemkosa. Mimi nilijibu maneno yake, dada akayajibu mapenzi yake. Mwenye kufikiri ataona kuwa katika sisi wawili, ni yeye aliyemsikia sawasawa. Tena hata hatukuhitaji kuufungua mlango wa ruhusa zinazojulikana katika fiqhi kuhusu maneno ya kusuluhisha, ingawa mlango huo upo.

Ndugu zangu, kisa cha kudhaniwa mapenzi kuwa ni kupiswa si kipya. Katika Sura Yusuf tunasimuliwa habari za Nabii Yaqub (A.S.), mzee aliyepofuka kwa huzuni, ambaye msafara ulipoondoka mbali huko Misri alisema anaisikia harufu ya mwanawe. Naye alijua watakavyomjibu, kwani hapo hapo alitaja kwamba huenda wakamdhania kuwa akili yake imechakaa kwa uzee. Na kweli waliokuwa karibu naye wakamwambia yumo katika upotevu wake ule ule wa zamani. Kisha kanzu ya Yusuf ikaletwa. Hatumlinganishi mzee yeyote wa leo na Nabii wa Allah, tunajikinga Kwake na hilo. Tunachokisema ni kuwa wale waliomjibu walikuwa jamaa wa nyumba yake mwenyewe, watu wazima wenye akili timamu, waliochoka kumsikia mzee akilitaja jina lile lile kila siku. Je, hawafanani na sisi?

Katika mtaa mwingine tunaufahamu mkasa wa mume na mke waliooana kwa zaidi ya miaka hamsini. Mume alipopatwa na maradhi haya, watoto waliwatenganisha vyumba, wakisema mama apumzike. Usiku yule mzee alikuwa akitembea chumba hadi chumba, akipapasa milango, akimwita mkewe kwa jina la utani la ujana wao. Watoto wakaona haya mbele ya majirani. Akaitwa mganga, akapiga ramli, akatoa hukumu kwamba mzee ana jini mahaba! Wakalipa mbuzi, wakalipa fedha, mzee akafukizwa moshi mpaka akakohoa damu. Mahaba ni kweli alikuwa nayo. Jini ndiye hakuwepo. Mwanamume alikuwa akimtafuta mke wake wa halali katika giza la nyumba aliyoijenga mwenyewe, na dawa yake ilikuwa ni kumrudishia kitanda chake.

Sisi hatukanushi kuwepo kwa majini, wala hatuikatai ruqya iliyothibiti katika Sunna. Kumsomea mgonjwa ni ibada na ni faraja, na sauti ya kisomo humtuliza mzee kuliko vidonge vingi. Tunachokipinga ni biashara. Tunapinga makombe yanayouzwa kwa bei, kuwachapa bakora wazee eti anapigwa jini, kuwafunga kamba, na kuwafukiza. Mwaka 1901 daktari wa Kijerumani, Alois Alzheimer, alimpokea katika hospitali ya mjini Frankfurt mwanamke wa miaka 51 aliyekuwa amepotewa na kumbukumbu. Mama huyo alipofariki mwaka 1906, daktari aliupima ubongo wake kwa hadubini, akakuta umesinyaa na umejaa mabaki yasiyokuwa ya kawaida ndani na baina ya chembe zake. Ni zaidi ya miaka mia moja tangu jambo hilo lidhihirike, na bado sisi tunapiga ramli.

Tena tusidhani ni ugonjwa wa Wazungu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2021 walikuwepo watu milioni 57 wenye maradhi haya, na zaidi ya asilimia 60 kati yao wako katika nchi zenye kipato kidogo na cha kati. Hapa Tanzania, katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, utafiti uliochapishwa mwaka 2013 uliwapima wazee karibu 1,200 wenye umri wa miaka 70 na zaidi, ukaonyesha kwamba zaidi ya 6 katika kila 100 wanayo. Hesabu basi wazee wa safu ya mbele katika msikiti wako.

Na ujinga huu unaua. Mwezi wa Mei mwaka 2008 huko Kisii, nchini Kenya, watu 11, wengi wao wakiwa vikongwe, walichomwa moto kwa tuhuma za uchawi. Mwezi wa Oktoba 2021, katika Kisii hiyo hiyo, wakauawa wanawake wanne wazee kwa tuhuma hizo hizo. Kule Usukumani ajuza wameuawa kwa miaka mingi kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni za kuwapikia wajukuu. Kikongwe aliyepotea njia usiku, akakutwa uani kwa jirani akiongea peke yake, huyo kwa watu wengine ni mchawi aliyeshindwa kuruka. Tutasema hayo ni ya watu wengine? Mganga anayemtaja mzee kuwa ana jini, na mganga anayemtaja kuwa ni mchawi, ni mganga mmoja, na wateja wake wanaswali pamoja nasi.

Turejee msikitini. Tunajua hoja zitakazoletwa, na baadhi yake zina uzito.

Watasema adhana si mchezo, na mtu akiadhini kabla ya wakati katika Ramadhani atawaharibia watu saumu zao. Ni kweli. Kipaza sauti kizimwe na swichi yake ifungiwe. Lakini kumbukeni kuwa Mtume (S.A.W.) alikuwa na waadhini wawili, na mmoja wao, Ibn Umm Maktum (R.A.), alikuwa kipofu. Hakuweza kuiona alfajiri kwa macho yake. Alikuwa akisubiri watu wamwambie kwamba kumekucha, ndipo aadhini. Mtume (S.A.W.) hakumwambia kwamba asiyejua wakati hafai kuwa muadhini. Upungufu wake ulikamilishwa na ndugu zake, na sauti yake ikabaki. Ni kijana gani katika wale wawili waliosimamishwa mlangoni angeshindwa kumshika mzee mkono, akamwambia, "Babu, sasa ndio wakati"?

Watasema huzidisha rakaa, huongea ndani ya swala, huwashughulisha wenziwe. Basi awekwe mwisho wa safu, pembeni yake akae mjukuu au jirani. Kalamu imeondolewa kwa mtu aliyepotewa na akili, kwa hiyo yeye hana dhambi katika kuzidisha kwake. Kalamu yetu sisi haijaondolewa. Na yule ambaye khushui yake inavunjwa na mnong'ono wa mzee mmoja, hali simu za mikononi hulia katika kila swala naye hanyanyui jicho, aikague hiyo khushui yake.

Watasema, na hili husemwa kwa sauti ya chini, kwamba anaweza kujikojolea akanajisi mkeka. Ndugu zangu, bedui alikojoa ndani ya Msikiti wa Mtume (S.A.W.), naye alikuwa na akili zake kamili. Maswahaba wakamkimilia. Mtume (S.A.W.) akawazuia wasimkatize, kisha akaamrisha ndoo ya maji imwagwe mahali pale. Msikiti ule ulioupokea mkojo wa bedui ni bora kuliko misikiti yetu yote na mazulia yake.

Kuna jambo jingine linaloudhi hata kulitaja, nalo ni la wale wanaosema mzee hajui lolote mpaka siku ya kuuza kiwanja. Siku hiyo ghafla anajua, na dole gumba lake linapakwa wino. Ni hilo tu, wenye kuhusika wamesikia.

Tunawataka maimamu walitaje suala hili katika khutba zao, wala wasitosheke na kuisoma ile aya ya Sura Al-Israa inayokataza kuwaambia wazazi hata neno dogo la kuchoshwa nao. Waielezee inavyotendeka sebuleni. Mzee akikosea, usimsute. Akiuliza mara kumi, mjibu mara kumi, maana kwake zote ni ya kwanza. Kaa mbele ya uso wake, sema taratibu, mguse mkono. Usizungumze habari zake mbele yake kana kwamba ni kigoda. Mpe kazi ambayo mikono yake inaikumbuka, hata kama ni kuchambua mchele uliokwisha kuchambuliwa. Na anapokataa kuvuliwa nguo za kuoga, jua kwamba hiyo ni stara aliyofundishwa utotoni, bado imo, na ana haki nayo.

Na kabla ya hayo yote, apelekwe hospitali. Si kila anayesahau ana maradhi yasiyotibika. Wako waliopungukiwa na vitamini, wenye tezi iliyoharibika, wenye maambukizo ya njia ya mkojo, wenye damu iliyovilia kichwani baada ya kuanguka, na wenye huzuni kubwa, na hao wengi hutibika wakiwahiwa. Wengine masikio ndiyo yamekufa, watu wanadhani ni akili. Ama wenye shinikizo la damu na kisukari ambao bado ni vijana, wajue kwamba wanaitayarisha hali hii leo kwa kuacha dawa zao.

Wala hatuwasahau wanaouguza, ambao kwa kawaida ni binti mmoja au mkaza mwana mmoja katika nyumba yenye wanaume watano. Wanaume hao huja Ijumaa, wakambusu mzee kipaji, wakatoa hukumu jinsi anavyotakiwa kutunzwa, wakaondoka. Usiku wa saa nane hawapo. Fungu la sadaka la msikiti likinunua nepi za watu wazima na sabuni, na akina mama wa darasa wakipokezana zamu angalau mchana mmoja kwa wiki, itakuwa wametenda zaidi ya wanavyotenda wana hao.

Mzee wetu bado yu hai. Jamaa zake wanasema kila anaposikia adhana husimama akatafuta mifukoni mwa kanzu, akitafuta ufunguo. Kamati itakutana tena baada ya swala ya Isha, Jumapili ya kwanza ya mwezi, na mkutano huo uko wazi kwa kila mwenye kuswali hapo. Hatuwaombi wamrudishie ufunguo. Tunataka wale vijana wawili waondolewe mlangoni, na mmoja wao apewe kazi ya kwenda kumchukua nyumbani.